Khabari za Wavuvi wa Ujiji

Sisi watu wa Bukene ni watu wa nchi kavu. Maji tunayoyajua ni ya visima na malambo, na ya majaruba ya mpunga zinaponyesha mvua. Mtoto wa chuo chetu akiulizwa samaki ni kitu gani, aghalabu humtaja dagaa, kwa sababu ndiye amwonaye sokoni, mkavu, mweupe kama fedha, akipimwa kwa kopo. Husemwa kuwa ametoka Kigoma, na khabari yake huishia hapo. Ni nani aliyemvua, saa ngapi za usiku, na kwa hatari gani, hayo hayaulizwi na watu wengi. Nyumbani kwetu yaliulizwa kwa sababu yalituingilia mlangoni.

Dada yetu ni mjane, na ana mtoto mmoja wa kiume. Kijana huyo tulimsomesha sisi wenyewe tangu alifu hadi akahifadhi juzuu 18, na kwa sauti na makhraji hatujapata mwingine kama yeye katika chuo hiki. Mwaka 2022 aliaga kuwa anakwenda Kigoma kutembea kwa rafiki yake, kisha asirudi. Baada ya miezi khabari zikaja kwa simu kwamba ameingia katika uvuvi wa dagaa. Mama yake hakupata usingizi tena. Kila upepo ulipovuma usiku alikaa kitandani akivuta tasbihi, ingawa upepo wa Bukene na upepo wa Ujiji si mmoja. Mwisho akatuita, akatutolea fedha alizokuwa amezifunga katika ncha ya kanga, nauli ya mtu wa kurudi, akasema, "Kaka, nenda kanirudishie mwanangu. Anayekufa hapa nitalijua kaburi lake. Ziwa lile halina makaburi."

Basi mwezi wa Februari 2024, katika siku za mwisho za Rajabu 1445, tuliondoka. Kutoka Bukene hadi Tabora tulifuata reli ile iendayo Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, na kutoka Tabora tukashika reli ya kati, ambayo ilifika ziwani mwaka 1914. Njia hii ya pili ndiyo njia ya babu zetu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipita kwa miguu na mizigo mabegani, na wale Waingereza Burton na Speke walitoka Tabora Desemba 1857 wakafika Ujiji Februari 1858. Sisi tuliimaliza kwa usiku mmoja tumekaa vitini, tukilalamika kwamba gari la moshi linachelewa! Tulipita Urambo na Kaliua, tukavuka mto Malagarasi, na tulipofika Uvinza tukakumbuka kwamba chumvi ya mahali hapo ilikuwa ikichemshwa na kuuzwa mbali kabla ya misafara ya pwani kupajua. Njia hii ilipitisha chumvi, na nguo, na pembe za ndovu, na ilipitisha pia wanadamu waliofungwa minyororo. Mwenye kusimulia njia ya misafara akaliruka hilo la mwisho amesimulia nusu.

Ujiji ni mji mkongwe, ulio kusini ya mji wa Kigoma, mwendo mfupi kwa gari. Misikiti yake ni mingi, miembe yake mikubwa, na michikichi imeenea kila upande, kwa hiyo chakula cha huko hakikosi mawese. Wakazi wake ni mchanganyiko wa Waha, Wamanyema, Wabembe, na Wanyamwezi ambao babu zao walitua mizigo wasirudi. Kiswahili hapo si lugha ya kujifunza, ni lugha ya kunyonya. Wageni hupelekwa kuonyeshwa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Nasi tulipelekwa, na lililotushangaza ni kuwa mahali hapo palikuwa karibu na maji, na sasa kutoka hapo hadi maji yalipo ni mwendo. Sababu yake twaijua. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, ulio upande wa Kongo, na mto huo ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Maji yakajaa na kupanda, mpaka kiasi cha mwaka 1878 yakalivunja lile zibo, na ziwa likashuka miaka baada ya miaka. Kisha katika miaka hii yetu likapanda tena, likala nyumba na mialo kando kando. Mzee mmoja alituonyesha kwa fimbo mahali ndani ya maji akasema, "Pale ndipo nilipokuwa nikianika dagaa." Watoto walikuwa wakiogelea hapo.

Ukubwa wa ziwa hili si wa kuelezwa kwa mtu wa Bukene. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 670, na kina chake kinafika mita 1,470 hivi, na katika maziwa yote ya dunia hakuna lililolishinda kwa kina isipokuwa Baikal lililo Urusi. Nchi nne zinakunywa humo, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Lakini la ajabu zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya kina hicho haina samaki hata mmoja. Kuanzia mita 100 au 200 kwenda chini hakuna hewa ya kupumuliwa ndani ya maji. Kwa hiyo uhai wote ule, dagaa, mgebuka, sangala, kuhe, na aina nyingi za samaki wadogo wa mawe wasiopatikana popote pengine ulimwenguni, umekaa katika utando wa juu tu, mfano wa malai juu ya maziwa. Subhana Allah.

Mpwa wetu tulimkuta mwaloni asubuhi, amevaa suruali iliyokunjwa mpaka magotini, amebeba ndoo ya dagaa wabichi kichwani. Aliiweka chini, akaja mbio, akapiga goti kidogo kama ilivyo adabu yetu, "Shikamoo mjomba." Tukamjibu marahaba. Hatukumwambia tulichojia, wala yeye hakutuuliza, kwa kuwa alikwisha jua.

Tulikaa naye siku 18, na katika siku hizo tuliona uvuvi huo mwanzo wake na mwisho wake. Chombo chao huitwa kipe, nacho ni mashua mbili zilizounganishwa kwa miti, wavu mpana hutandazwa chini yake na kuteremshwa kwa kamba, na juu yake taa. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za betri. Kabla ya hapo babu zao walivua kwa mitumbwi, wakawasha moto wa majani na kuni gubetini, na kuwachota dagaa kwa wavu wa mkono uitwao lusenga. Katika miaka ya 1950 Wayunani waliokaa Usumbura, ambao leo ni Bujumbura, walileta ziwani meli na nyavu kubwa za kuzungushia, mfano wa zile za bahari yao. Tuliambiwa, na ni kweli, kwamba hata huko kwao Uyunani wavuvi wa vijiji vya pwani huvua kwa taa katika usiku usio na mwezi, na mwezi ukijaa hukaa nchi kavu wakashona nyavu. Wanadamu hawa hawakufundishana, lakini samaki waliwafundisha wote somo moja.

Usiku wa pili tuliomba tuchukuliwe. Nahodha, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alitutazama viatu vyetu akacheka, akasema, "Maalim, huko hakuna ubao wa kuandikia." Lakini akatupa nafasi. Tuliondoka baada ya Alasiri, watu 6 na sisi wa 7. Jua lilipotua nyuma ya milima ya Kongo tulikuwa mbali, na Magharibi tukaiswali chomboni. Hapa wapo wasomaji watakaopenda kujua. Kibla cha Ujiji ni kaskazini, kimeelekea mashariki kidogo, na nahodha hakihitaji dira, kwa kuwa anajua kila nyota na kila kilima. Wimbi likiwa dogo husimama, likiwa kubwa huswali wamekaa, na chombo kikigeuka wao hugeuka nacho. Tumeona misikitini watu waliosimama imara juu ya zulia, nyoyo zao ziko sokoni. Wale walikuwa juu ya ubao uliolowa, na tuliusikia unyenyekevu wao katika kila takbira, kwa sababu chini ya ubao ule palikuwa na mita mia kadhaa za maji meusi.

Taa zikawashwa. Na kila upande taa nyingine zikawashwa, karibu na mbali, mpaka ukadhani kuna mji juu ya maji. Kisha ni kungoja. Wadudu wadogo sana ambao ndio chakula cha dagaa hupanda juu usiku, dagaa huwafuata, na taa huwakusanya mahali pamoja, na nyuma ya dagaa huja mgebuka kuwala hao dagaa. Kwa muda mrefu hatukuona kitu. Halafu maji yakaanza kumetameta chini, kama mtu anayemwaga sindano. Nahodha akainua mkono, watu wote wakanyamaza, wavu ukavutwa kwa pamoja, na sauti ya dagaa wanapotoka majini ni sauti ya mvua ya mawe juu ya bati. Wavu uliteremshwa mara 4 usiku ule. Mara 2 ulileta kitu, mara 2 haukuleta ila maji na vijisamaki vichache. Tulitapika, tusifiche. Mpwa wetu alitushika mabega, na mkono wake haukuwa tena mkono wa kijana tuliyemshikisha kalamu.

Alfajiri mwalo ulijaa wanawake wenye mabeseni. Hao ndio wenye biashara ile, na tulishangaa kuona jinsi wanavyokadiria ndoo kwa jicho bila kukosea. Dagaa huanikwa mchangani au juu ya vichanja, na vichanja ni bora, kwa kuwa anayekula hatafuni mchanga. Jua likiwa kali, dagaa wa alfajiri ni mkavu jioni. Mvua ikinyesha, taabu yote ya usiku huharibika, na anayebaki huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Tulikuwapo siku ya mvua kama hiyo. Mwanamke mmoja alikimbia na turubai, akafunika alichoweza, kisha akakaa chini ya mwembe akatazama kilichobaki kikilowa, akasema tu, "Alhamdulillahi, watoto wamekula jana." Fedha za mauzo hugawanywa hivi, kwa mahali tulipokaa sisi: kwanza hutolewa gharama za mafuta na chakula, kisha nusu huwa ya mwenye chombo na nyavu, na nusu ya mabaharia wote kwa pamoja. Tuliulizwa kama mgao huo ni halali. Tukajibu kwamba sehemu iliyojulikana kabla ya safari, na wote wakairidhia, haina ubaya. Ubaya ni gharama zinazoongezwa baada ya safari na mtu ambaye hakuwako chomboni. Wakatazamana, wakacheka kicheko ambacho hatukuhitaji kufasiriwa.

Sasa tuje kwenye mwezi. Sisi tulio nchi kavu tunauangalia mwezi kwa ajili ya Ramadhani na Idi, na katikati ya hapo wengi wetu hawajui umefika wapi. Mvuvi wa Ujiji hana kalenda nyingine. Mwezi ukiwa mchanga hutua mapema, naye huvua usiku wa nyuma. Ukipita siku ya kujaa huchelewa kutoka, naye huvua usiku wa mbele. Ukijaa kabisa hakuna giza la kumwongoza samaki kwenye taa, na vyombo vyote huvutwa mchangani. Ukimwuliza mtoto wa hapo leo ni tarehe ngapi ya Shaabani, hatazami ukutani, hutazama kama baba yake yuko nyumbani. Na siku hizo za mwezi mkubwa, ambazo ndani yake mna zile siku nyeupe za 13, 14 na 15 zinazopendekezwa kufungwa, ndizo siku za mji kuwa mji. Nyavu hushonwa chini ya miembe. Madeni hulipwa na mapya hufanywa. Wanaume huonana na wake zao mchana. Harusi huwekwa siku hizo, nasi tulialikwa 2 katika juma moja. Usiku wa nusu ya Shaabani, uliokuwa usiku wa Februari 24 au karibu yake, msikiti ulifurika hata uani, wavuvi kwa wachuuzi, wameoga, wamevaa kanzu, na harufu ya udi ikapigana na harufu ya dagaa bila ya mmoja kumshinda mwenzake. Mpwa wetu akatangulizwa asome. Alisoma Sura ya Yunus. Tuliona wazee wenye mikono iliyokauka kwa kamba wakilia.

Yako mambo ambayo hatukuyapenda. Wapo wanaosimulia mpaka leo khabari za mlima Kabogo, ulio kusini, ambao wasafiri wa zamani walisema unanguruma kama radi, na kila aliyepita chini yake alitupa ushanga au kitambaa majini ili apite salama. Tuliwaambia walio vijana kwamba wimbi haliombwi, anayeombwa ni Muumba wake. Na wapo wenye makokoro, nyavu za kuburuta pwani ambazo sheria imezikataza, zinazozoa mama na watoto na mayai pamoja. Hizo hatukuziona kwa macho, lakini tuliziona mdomoni mwa kila mtu.

Hilo ndilo lililoleta mazungumzo makubwa ya safari yetu. Wakati ule khabari zilikuwa zimekwisha enea kwamba nchi zenye ziwa zimeafikiana kulifunga, na kwamba Tanzania italifunga tangu Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka huo 2024, miezi 3, ili samaki wazaliane na kukua. Barazani palikuwa na moto. Nahodha wetu alisema dagaa wamepungua, na kwamba baba yake alijaza chombo mahali ambapo yeye sasa hupita bila ya kusimama. Wataalamu wanasema hivyo pia, na wanataja sababu mbili. Wavuvi na nyavu zimezidi, na maji ya juu ya ziwa yamepata joto kuliko zamani. Rutuba ya ziwa imelala chini, na pepo za kusini zivumazo katika miezi ya kiangazi ndizo zinazoyakoroga maji na kuipandisha. Maji ya juu yakiwa na joto sana hukaa juu kama mafuta, hayakorogeki vema, na yule mdudu mdogo akikosa chakula, njaa humfikia dagaa, kisha mgebuka, kisha mtu.

Tukaombwa tuseme la dini. Tukawasimulia kisa kilichomo katika Sura ya Al-Aaraf, cha mji uliokuwa kando ya bahari. Wakazi wake walikatazwa kuvua siku ya Jumamosi, na samaki wakawa wanajitokeza wazi siku hiyo hiyo, na siku nyingine hawaji. Wafasiri husimulia kuwa walifanya hila, wakatega Ijumaa na kuvua Jumapili, wakadai hawakuvunja amri. Mji ukawa mafungu 3: wenye kuvunja, wenye kuwakataza, na wenye kuwaambia hao wanaokataza, mwajisumbua nini? Tulidhani kisa kimetosha. Kijana mmoja, mkata maji mwenzake mpwa wetu, akainua mkono kwa adabu, akasema, "Maalim, wale walikatazwa siku 1, wakaachiwa 6. Sisi mwezi wenyewe hutukataza siku 8 au 10, na twavumilia. Sasa ni miezi 3 mfululizo. Mwenye vyombo ana duka na nyumba za kupangisha. Mimi nina mikono hii."

Hatukumnyamazisha, maana hakusema upuuzi. Tulimjibu kwamba amri hii si ya hila na faida yake ni yake yeye na watoto wake kabla ya kuwa ya mtu mwingine, na kwamba anayekwenda kuvua kwa siri usiku anamwibia ndugu yake aliyekaa. Hilo tunalishika mpaka leo. Lakini tukasema pia, na twaliandika hapa wazi, kwamba mji wenye zaka na sadaka hauna udhuru wa kumwacha baharia miezi 3 na mikono mitupu. Kama mwenye chombo hula nusu katika miezi ya neema, basi katika miezi ya kufungwa naye awakopeshe mabaharia wake bila ya riba. Baadhi ya wenye vyombo walikuwapo barazani. Mmoja alitikisa kichwa kukubali. Wawili wakakumbuka kwamba wana shughuli nyumbani.

Usiku ule mpwa wetu akatutangulia kusema. "Mjomba, najua umekuja kunichukua." Tukamwambia maneno ya mama yake kama yalivyo, pamoja na lile la makaburi. Alikaa kimya, kisha akasema kwamba kila mwezi humpelekea mama yake fedha, na kwamba hajaacha kudurusu, hudurusu chomboni wakati wa kungoja, na juzuu 18 zimekuwa 21, msahihishaji wake akiwa ni imamu wa hapo. Tulimsikiliza juzuu hizo 3 mpya hadi karibu na alfajiri. Alikosea mahali 2. Kisha tukamwuliza, "Unajua kuogelea?" Akasema amejifunza. "Na upepo ukikipindua chombo katikati ya usiku?" Hakujibu. Katika watu 6 wa chombo kile tulikuwa tumeona majaketi ya kuokolea 2 tu, na moja limepasuka.

Zile fedha za ncha ya kanga tulikuwa nazo. Zilikuwa amana, na amana haigeuzwi kazi yake ila kwa idhini ya mwenyewe. Tukampigia simu dada yetu mbele ya mwanawe, tukamweleza yote tuliyoyaona bila ya kupunguza, hata lile la kutapika. Tukamwambia kijana hakutii, lakini hakupotea. Tukamwambia ziwa litafungwa mwezi wa Mei, naye ameahidi miezi yote 3 ataikaa Bukene. Na tukamwuliza kama yu radhi fedha zile za nauli zinunue jaketi. Simu ikawa kimya muda mrefu hata tukadhani imekatika. Kisha akasema, "Nunua lililo jipya. Na umwambie alivae, asilikalie." Tukanunua asubuhi yake, la rangi ya machungwa, na tukapanda gari la moshi kurudi peke yetu.

Mei 15 ziwa lilifungwa, na juma lile lile mpwa wetu akashuka kwenye stesheni yetu na mfuko wa dagaa kwa ajili ya mama yake. Ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga. Alivuna, akapura, akapika mawese kwa namna ya Ujiji ambayo wengine hapa hawakuipenda, na kila baada ya Alasiri alikaa na watoto wa chuo. Aliwafundisha kwa mfano wa nyavu, kwamba aya iliyodurusiwa mara moja ni wavu wenye tundu. Idi ya kuchinja aliila nyumbani, mara ya kwanza tangu 2022. Juzuu ya 22 akaikamilisha chini ya mwembe wetu. Mama yake alilala.

Kutoka Ujiji alipigiwa simu mara 2 na mtu asiyetaja jina, akiambiwa kuna chombo kinatoka kwa siri na mgao ni mzuri. Mara ya kwanza alikataa kwa maneno. Mara ya pili alitupa sisi simu, nasi tulipotoa salamu tu, ikakatwa.

Agosti 15 ilipofika, tulidhani ataondoka siku ile ile. Watu walipiga simu kwamba vyombo vimesukumwa majini na mwalo umeamka. Yeye alitoka nje baada ya Isha, akatazama juu. Ilikuwa siku ya 10 ya Safari, na mwezi ulikuwa mpana. Akasema, "Mjomba, wanakwenda kwa furaha tu. Mwezi huu utajaa siku ya 19. Giza la kazi bado." Akabaki, akamsaidia mama yake kuziba paa la ghala, na tarehe 23, mwezi ulipoanza kuchelewa kutoka, akachukua jaketi lake kutoka msumarini akaenda stesheni. Dada yetu alimsindikiza mpaka kwenye gari, akalijaribu jaketi lile kwa kuvuta kamba zake moja moja.